Kidole Gumba cha Anastasia

Siku moja kabla ya kushuka mjini kupigwa wino wa vidole, Paskalia alikwenda mtoni akaisugua mikono yake kwa mchanga mpaka ikawasha. Sabuni ilikuwa haijaonekana kwenye duka la ushirika tangu njegere za mwanzo zitoke. Mikono ilikuwa na utomvu wa kabichi na udongo mwekundu wa Mgeta, ule ambao ukishaingia kwenye mikunjo ya ngozi haukutoki mpaka uzikwe nao. Alisikia kwamba polisi wanataka vidole safi. Hakutaka karatasi irudishwe kwa sababu yake.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Benedikto. Benedikto alikuwa ametumwa na Serikali kwenda Kanada mwaka 1976, akasomee mambo ya udongo kwa miaka miwili kisha arudi. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na mbili na hajarudi. Badala yake ilikuja barua, na Paskalia aliisoma mara tatu akiwa amesimama palepale ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mke wangu Anastasia," iliandikwa, "nimeomba uraia wa huku. Serikali ya huku inataka alama za vidole vya mke wangu zipigwe na polisi wa huko, kuonyesha kwamba si mhalifu. Nenda Morogoro kama ulivyokwenda ule mwaka wa sabini na saba. Mambo yakikamilika nitawaleta wewe na Kristina. Usiache hata siku moja ipite."

Mlimani watu wote walimwita Paskalia kwa jina hilo la Anastasia, na hakuna aliyeona ajabu. Anastasia alikuwa dada yake, wa tumbo moja, aliyemzidi miaka sita. Ndiye aliyefunga ndoa na Benedikto kanisani, ndiye aliyemzaa Kristina. Masika ya mwaka wa sabini na nane alishikwa na tumbo, wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali ya misheni, na kabla hawajafika kwenye daraja wabebaji wakamtua chini, wakavua kofia.

Matanga yalipokwisha, Mjomba Agustino, mkubwa wa lukolo, yaani ukoo wa mama, alimwita Paskalia katikati ya watu. Akamketisha kwenye kigoda cha dada yake, akamfunika kaniki ya dada yake, akampa jembe la dada yake mkononi. Kisha akamchukua Kristina, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akilialia mgongoni kwa bibi yake, akamweka mapajani pa Paskalia.

"Anastasia amerudi," alisema Mjomba. "Asisikike mtu kumwita jina jingine."

Wanawake walipiga vigelegele. Paskalia alikuwa na miaka ishirini. Mama yake akamnong'oneza sikioni: "Usilie. Anayerithi jina halii. Utamlilia nani, na marehemu ndiye wewe?"

Basi hakulia. Alilima shamba la dada yake kwenye yale matuta ya mteremkoni, akalala kwenye kitanda cha dada yake, akamlea Kristina mpaka mtoto akasahau kwamba aliwahi kuwa na mama mwingine. Benedikto aliandikiwa habari zote, naye akajibu kwamba mila ni mila, amekubali, akaleta na kitambaa cha gauni. Tangu hapo kila barua ilianza na "Mke wangu Anastasia". Paskalia alikuwa mke wa barua kwa miaka minne. Sura ya mume alianza kuisahau. Alichoogopa kukipoteza kilikuwa kimoja tu, nacho ni yule mtoto aliyelala kila usiku ameshika sikio lake. Wakienda Kanada, watakwenda wote wawili. Wakibaki, watabaki wote wawili. Hivyo ndivyo alivyoielewa barua.

*

Alishuka na lori la mboga, ameketi juu ya matenga ya kabichi, akafika mjini saa tatu.

Ofisi ya alama za vidole ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha polisi. Ndani alimkuta mtu wa makamo, Sajenti Eustace, mtu wa Bukoba aliyekuwa na sauti ya kanisani na sare iliyotiwa kiraka kiwikoni.

"Shikamoo, Ndugu Sajenti."

"Marahaba. Jina?"

"Anastasia Yohana. Natoka Mgeta."

Sajenti alisoma barua ya mwenyekiti wa kijiji na cheti cha ndoa cha parokia, akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Umezaliwa hamsini na mbili. Miaka thelathini hii umeificha wapi, Ndugu? Mke wangu ana ishirini na sita, mkikaa pamoja watu watasema yeye ndiye mama yako."

"Ni baridi ya kwetu. Hata kabichi kule haziozi upesi."

Sajenti alicheka, akafungua kopo la wino. Wino ulikuwa mgumu kama uji wa juzi. Akauongezea matone ya mafuta ya taa, akautandaza kwenye kibao cha kioo. "Tumeletewa kopo moja kwa mwaka mzima," alisema. "Wezi wa Morogoro wakiongezeka nitaanza kutumia masizi." Akaushika mkono wa Paskalia, akaviviringisha vidole kimoja kimoja, kwanza kwenye kioo, kisha kwenye karatasi. "Legeza. Usinisaidie. Wote mnapenda kunisaidia, ndiyo maana zinaharibika."

Paskalia alilegeza. Akatazama alama kumi zikitokea moja baada ya nyingine, ndogo, nyeusi, zenye duara ndani ya duara. Hajawahi kuviona vidole vyake hivyo.

"Kwa hiyo mumeo anataka kuwa Mkanada," Sajenti alisema, akiandika. "Serikali imemsomesha, sisi tunapanga foleni ya unga wa yanga wa mahindi ya njano, yeye anabadili bendera. Haya. Mimi kazi yangu ni vidole. Hii inakwenda Dar es Salaam. Ikirudi nitakuita."

Hakukuwa na sabuni pale pia. Alipewa kipande cha gazeti ajifute. Alipanda mlima na vidole vyeusi, na Kristina akavicheka siku tatu nzima.

*

Aliitwa baada ya wiki saba. Ujumbe ulipitia kwa mwenyekiti: Anastasia Yohana afike polisi bila kukosa. Mama yake alisema ni karatasi imekuwa tayari, na Paskalia akaamini. Akavaa gauni la kile kitambaa cha Benedikto, akajaza kikapu peasi za kumshukuru Sajenti. Alipotoka, Kristina alikuwa akiimba uwanjani kwamba atapanda ndege, na wenzake wakimtania kwamba ndege yenyewe ni kanga.

Sajenti Eustace hakugusa peasi.

"Keti, Ndugu." Alifunga mlango, akatoa karatasi mbili kutoka kwenye faili la kaki, akazipanga juu ya meza. "Soma juu. Unajua kusoma?"

"Nimemaliza darasa la saba." Akasoma. Zote mbili ziliandikwa Anastasia Yohana, Mgeta. Moja ilikuwa ya mwaka 1977, imegeuka rangi pembeni. Nyingine ilikuwa ile ya juzi.

"Mumeo alipoomba ruhusa ya kukaa kule, mkewe alikuja hapa akapigwa vidole. Mimi sikuwapo bado, lakini nakala ilibaki Dar. Sasa wamezilinganisha." Akampa kioo cha kukuzia. "Haya, niambie. Hivi vidole vya sabini na saba ni vya nani?"

"Vya Anastasia."

"Na hivi vya juzi?"

"Vya Anastasia."

"Ndugu yangu, usiniudhi kabla sijala mchana."

"Sikuudhi, Ndugu Sajenti. Anastasia alikufa. Ndipo nikawa yeye."

Akamweleza yote: machela, daraja, kigoda, kaniki, mtoto mapajani. Alieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Sajenti alisikiliza, mkono shavuni. Paskalia alipomaliza, Sajenti alichukua peasi moja, akaigeuzageuza, akairudisha kikapuni.

"Hata kwetu mtu anarithiwa," alisema. "Nimeelewa. Ungekuwa na hila ungetafuta uongo mzuri zaidi ya huu. Lakini nikiwaandikia Dar habari za kigoda na kaniki, watasema nimelewa." Akavuta pumzi. "Wao wanataka jibu moja tu. Anastasia ni yupi?"

Paskalia alitazama vidole vyake.

"Sikiliza vizuri, maana nakusaidia na sipaswi. Njia ni mbili. Ukisema Anastasia ni wewe, basi huyu wa sabini na saba alikuwa tapeli. Labda wewe ulikuwa mgonjwa, jirani akaja kwa jina lako. Nitaandika hivyo, karatasi yake itapigwa mhuri mwekundu, itaingia kwenye kabati la waongo, faili lifungwe. Mumeo atapata uraia wake, na wewe na mtoto mtamfuata. Aliyekufa hafungwi."

"Na nikisema ni yeye?"

"Basi mke wa Benedikto alikufa miaka minne iliyopita, na wewe ni Paskalia, binti wa watu, uliyekuja hapa na jina lisilo lako. Hilo ni kosa. Nitakuandikia onyo, nisikupeleke mbele. Lakini kule Kanada hutakuwa mke wa mtu."

"Na mtoto?"

Sajenti alitazama dirishani. "Mtoto ana baba."

Nje, askari wawili walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Paskalia alisikia kila neno. Alijua jibu lipi ni lake. Kinywa chake kilikuwa tayari kimelishika. Ilikuwa sentensi moja tu, na marehemu haumwi na kitu. Akainama juu ya ile karatasi ya zamani, apate mahali pa kutazama wakati wa kusema.

Ndipo alipokiona kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Katikati ya mistari ya wino kulikuwa na mstari mweupe, umekata kutoka upande mmoja mpaka mwingine, umepinda kidogo kwenye ncha. Hakuhitaji kioo. Mstari ule aliuchora yeye.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walikuwa wakikata majani ya mbuzi kwenye mteremko, naye aling'ang'ania apewe mundu, na dada yake akampa. Aliuzungusha kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Dada yake alikuwa ameshika majani. Damu ilitoka nyingi, na dada yake akakibana kidole kwenye kaniki, akamwambia, "Nyamaza, wewe. Nani amekuuliza?" Walipofika nyumbani mama aliuliza, na Anastasia akajibu kabla Paskalia hajafungua mdomo: "Nimejikata mwenyewe." Alichapwa kwa uzembe, mkono umefungwa kitambaa. Hakulisema tena mpaka anakufa.

Hapakuwa na picha ya Anastasia popote. Siku ya harusi mpiga picha alikosa filamu. Nguo zake zilikuwa zimevaliwa na Paskalia mpaka zikaisha. Kumbe muda wote huo alikuwa amekaa hapa mjini, ndani ya faili, vidole vyote kumi, na kovu lake.

"Ndugu," Sajenti alimwita kwa upole. "Niandike lipi?"

"Mhuri huo mwekundu," alisema Paskalia, "unaandikwaje?"

"Unaandikwa: Wa uongo."

Paskalia alionyesha ile karatasi ya zamani kwa kidole.

"Huyo ndiye Anastasia," alisema. "Ni dada yangu. Mimi ni Paskalia."

Sajenti alimtazama kana kwamba anampa nafasi ya kusema jingine. Kisha akachukua kalamu. Aliandika maelezo ukurasa mzima, akamsomea, akamgeuzia karatasi aweke sahihi. Paskalia alikuwa hajaandika jina lake kwa miaka minne. Herufi ya kwanza ilitoka A, akaikata, akaandika upya.

"Naweza kupewa hiyo karatasi yake?"

"Ni mali ya Serikali."

"Basi niitazame kidogo."

Sajenti aliangalia saa, akasema anakwenda kula, na kwamba asiguse kitu. Alipoondoka aliuacha mlango wazi nusu. Paskalia alikaa pale mbele ya meza, mikono ameiweka mapajani, asiguse kitu.

*

Alifika nyumbani mvua ikinyesha, ile mvua ya mlimani isiyo na kelele. Mjomba Agustino alikuwa jikoni kwa dada yake, yaani mama yake Paskalia, wanaota moto na kungoja habari za ndege. Paskalia aliwaamkia, akaketi, akawaambia.

"Nani alikutuma urudishe jina?" Mjomba aliuliza. "Uliketishwa na ukoo. Ulikuwa wewe wa kuinuka peke yako?"

"Wangemwandika tapeli, Mjomba."

"Karatasi ya polisi. Nani mlimani hapa anasoma karatasi ya polisi?"

"Mimi ningekuwa nimesoma."

Mjomba alisukuma kuni motoni. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, bila hasira sasa, "Na Kristina? Barua ikija kumtaka, nitasema nini? Kwamba mama yake yuko wapi?"

Mama yake aliinuka, akachota majivu mekoni, akayachanganya na maji kwenye sufuria. Akaivuta mikono ya binti yake, akaanza kuisugua kidole kwa kidole, ingawa safari hii haikuwa na wino wowote.

"Lia sasa, mwanangu," alisema.

Paskalia alisema hana machozi. Kisha akayasikia yanatoka, ya miaka minne, kwa sauti aliyoiona ngeni, na mama yake naye akaanza, na Mjomba akatoka nje akasimama mvuani. Kristina, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, aliamka akauliza Mama analia nini. Bibi yake alimwambia alale.

*

Barua ilikuja wakati wa kuvuna viazi. Paskalia aliipokea ofisini kwa mwenyekiti, na hakuhitaji kuifungua kujua, kwa sababu jina kwenye bahasha lilikuwa lake.

Benedikto hakugombeza. Alisema amesikitika, mambo yamekuwa magumu upande wake, lakini wakubwa wa kule wamekubali kulitazama ombi lake upya kama mtu aliyefiwa. Aliomba vitu viwili: cheti cha kifo cha marehemu mkewe, na cha kuzaliwa cha Kristina, ili mtoto apelekwe kwake akasome. Mwisho akashukuru kwa malezi.

Paskalia alitoa kwenye sanduku barua ile ya kwanza, akatafuta pale paliposema "kama ulivyokwenda ule mwaka wa sabini na saba". Benedikto alikuwa mtoto wa mlima. Huenda aliandika hivyo kwa mila, kama wao wote. Huenda alijua vizuri habari za vidole, akajaribu bahati kwa mkono wa mtu mwingine. Alisoma na kurudia kusoma, na maandishi hayakumwambia.

Ukoo ulikaa Jumapili mbili. Wengine walisema mtoto ni wa lukolo, haendi popote. Wengine walisema shule ya Kanada haikataliwi, na mwenye kumlisha kule atakuwa baba. Wakati Paskalia akiwa Anastasia, neno lake lingemaliza kikao, maana mtoto alikuwa wake. Sasa alikuwa mama mdogo tu, na walimwomba aandae chai. Jumapili ya pili, akiwa amesimama na birika, Mjomba Agustino akatangaza bila kumtazama kwamba Kristina atakwenda Kanada shule zikifungwa, mwezi wa Desemba.

Jioni ile Kristina aliikuta barua mezani. Alikuwa darasa la kwanza, na siku hizo alisoma kila kilichoandikwa, hata magunia ya mbolea. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akafuatisha.

"Kwa... She-me-ji... Pas-ka-lia." Akainua uso. "Mama, Shemeji Paskalia ni nani?"

Paskalia alikuwa mlangoni, anatungua mundu kwenye msumari. Mbuzi walikuwa wanalia tangu mchana.

"Ni mimi," alisema. "Endelea kusoma. Nakata majani, narudi."